Uzi Una Ncha Mbili

Alfajiri shamba la Motria hung'aa
kama uso wa aliyelia usiku kucha kisha akanawa haraka.
Si umande peke yake. Ni nyuzi.
Nyembamba, za kioo,
zimelalia alizeti ambazo hakuna aliyezivuna,
zimevuka uzio, kaburi la mbwa, paa la zizi,
kila moja mkia wa droni iliyopita mara moja tu
na haikurudi kwao.

Ukizikanyaga hazilii.
Ukizivuta zinakukata, nawe hujui
mpaka maziwa ndooni yageuke rangi.

Mwezi Mei aliufuata mmoja.
Kwa nini, hajui. Mwanamke wa miaka sabini na moja
ana kazi nyingine.
Upande wa machweo ulimfikisha barabarani,
kwenye gari la mikate la Yukhym:
magurudumu yameyeyuka, daftari la madeni limeungua kingo tu,
jina lake bado limo: Motria, mikate miwili, hajalipa.
Upande wa mawio uzi ulizama mtoni, ukapanda ng'ambo,
kule ambako miguu yake haina ruhusa.
Lakini alijua. Kwenye ncha ile
ameketi kijana, miwani usoni,
na kando yake chai inapoa.

Macho hayana pazia, ndivyo tusemavyo kwetu.
Hatukuwa tumeyaona macho haya,
yanayopita dirishani, yakatazama kilicho mezani,
yakachagua.

*

Zakhar, mjukuu wake, naye ana uzi wake.
Alipewa likizo ya siku nne.
Nani alivuka mpaka kwanza, Motria hakuuliza;
alikuwa jikoni ulipovukwa,
vioo vikamwagikia unga.
Aliuliza: "Huko, unakula?"

Akimenya kiazi, bila kuinua kichwa, kijana akasema
kulikuwa na mtu kwenye mtaro, ametupa bunduki,
amenyoosha mikono hivi
(akaonyesha, kisu kikiwa bado mkononi),
akinitikisia vidole: hapana, hapana.
Bibi, koti lake halikuwa na kifungo cha pili.
Uzi wake tu, mwekundu, ulining'inia.
Na betri ilikuwa na dakika nne.

Motria akangoja.
Kiazi kikaisha kumenywa, kikaendelea kumenywa,
kikawa kidogo kama jicho la ndama.

"Halafu?"

Zakhar akatoka nje. Akavaa glavu, akakusanya nyuzi shambani,
akafungia nyanya zilizolala, mche kwa mche,
mafundo mazuri,
kama alivyofundishwa utotoni.

*

Usiku wa mwisho akaongea mwenyewe.
Wanasema, Bibi, mwakani hatutahitaji uzi.
Wala mtu. Itaruka, itatafuta, itaamua yenyewe
kabla kope hazijagusana.
Alisema kama asemaye kuna deni litafutwa.

Sindano ya Motria ikasimama.
Mtoto huyu hajalala tangu Jumanne; amemsikia
akitembea kati ya jiko na mlango, jiko na mlango,
akifungua bomba, akilifunga.
Motria hajui methali yetu,
kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Wale wenye tai na mikataba wanaijua, nadhani,
maana wametafuta sana
jinsi ya kumtupa jongoo
bila mti, na sasa bila mkono.

"Na hiyo mashine," akauliza,
"ikimwona yule wa kifungo,
usiku nani atatembea jikoni kwangu?"

Bomba likadondosha tone. Likadondosha lingine.

Asubuhi basi la jeshi lilipopiga honi,
alimvalisha koti kama mtoto wa shule.
Halikuwa limepoteza kifungo hata kimoja.
Alikuwa amevikata vyote, akavishona upya,
uzi mwekundu, maradufu,
ili kama huko juu bado kuna atazamaye
aone kwamba huyu
ana mtu wa kumshonea.