Kufa Mara ya Kumi na Moja

Leo nimekufa tena, mara ya kumi na moja,
kwa euro hamsini na chakula cha mchana.
Alfajiri walinipaka maji ya maganda ya jozi
usoni, shingoni, hadi kwenye kucha.
Casilda akanifunga kilemba kwa pini tatu:
"Eulogio, Mwislamu gani wewe
unayenuka soseji ya nguruwe?"

Mimun wa Nador, mchuma nyanya
kwenye mabanda ya plastiki kule pwani,
walimjaribu sauti, wakaikataa.
Kiarabu chake, walisema, hakitishi.
Ukelele nikapewa mimi, fundi bomba:
si Kiarabu, si Kihispania,
ni mtu aliyekanyaga msumari.
Yeye akapewa farasi amshike, nyuma kabisa.

Mwongozaji anapenda vumbi.
Kwa Wakristo kamera huvaa buluu,
mawingu, mawe yenye heshima;
ikigeukia kwetu kila kitu huwa njano
kana kwamba jua limesilimu upande mmoja.
Na matope! Hata mtoto mchanga kapakwa.
Nikamwambia kijana wa mavazi,
chini ya duka la mkate la Obdulia
nimeshika kwa mkono huu mabomba ya udongo,
hamamu nzima, watu hawa walikuwa wakioga.
Akaniangalia kama koki inayovuja.

Nyuma ya mnara wa mbao wamepanda mpungate,
eti unafanana na Wamori.
Mpungate, bwana! Uliokuja na meli toka ng'ambo
wakati ufunguo wa mji umeshakabidhiwa
na aliyeukabidhi keshaondoka.

Upanga wa mpira ukanipata ubavuni.
Nikaangukia ukingo wa mfereji,
sikio kwenye jiwe,
nikasikia maji yakipita chini yangu
kwenda kwenye viazi vya shemeji.
Waliouchimba hawamo kwenye filamu.
Wenye sepetu hawana kipande.

Mapumziko, Mimun akanipa zeituni.
"Zeitun," akasema.
"Aceituna," nikasema.
Sukkar, azúcar. Tukaendelea hivyo,
mbegu tukizitemea kwenye kofia ya chuma,
mpaka tulipofika kwenye hatta
na hasta, tukanyamaza.

Kipaza sauti: maiti warudi mahali pao.
Safari hii nife nikitazama kushoto.

Saa nne usiku ni zamu yetu ya maji.
Nanyanyua ubao wa mfereji,
kucha bado za kahawia.
Gizani, kwanza hakuna kitu.
Kisha yanakuja.