Bikoni Nne

Nilikinunua Karume, kwenye turubai la makorokoro,
kati ya pasi isiyo na waya na wanasesere wasio na nywele:
kifurushi cha foronya, picha ya vipande elfu moja,
boksi hakuna, mfuniko hakuna.
"Kamili, mama," kaniapia muuzaji, "haki ya Mungu kamili."
"Picha ya nini?"
"Wewe nunua. Utaiona ikiisha."
Elfu nne. Nikampa.

Mchana mimi hupima viwanja.
Goba, Kinyerezi, Madale,
huko watu huamka usiku wa manane kung'oa bikoni
waisogeze hatua tatu, nne, kwenye mihogo ya jirani;
asubuhi wote wawili wanaapa,
mmoja kwa Mungu, mmoja kwa kaburi la babake,
na mimi katikati, na kamba yangu, na jua.
Leo Mzee Mbwambo kaniita mwizi.
Juzi mkewe kaniletea ndizi.

Basi nikirudi Tabata, nikishaoga,
nikishakula kiporo nikiwa nimesimama,
nazima feni.
Ndiyo, Februari hii hii, nazima,
maana ikizunguka kidogo tu mbingu inarukia chini ya kochi.
Jasho linatiririka mgongoni. Na litiririke.
Kwanza natafuta kona. Kona ni nne, dunia nzima.
Bikoni zangu. Hizi mtu hang'oi.
Kisha kingo, vile vyenye ubavu ulionyooka,
kisha naingia ndani, polepole, kama mgeni apigaye hodi.

Kuna kipande utakisukuma kikubali nusu.
Usilazimishe. Kinachoingia kwa ngumi hapo si kwake.
Chenyewe kikifika hakuna kelele:
tk.
Sauti ndogo kuliko ya mjusi akimeza,
na hakuna wa kuapa.

Hamimu, mwanangu, anapiga simu toka Mwanza:
"Mama, mtu mzima unacheza na vipande?"
Namwambia subiri, nina buluu mkononi.
Buluu ile nilidhani bahari, siku tisa nikaijenga bahari,
kumbe ukuta wa nyumba.
Na nyeupe yote ile, nikasema chumvi ya Kunduchi,
nikasema pamba, nikasema unga umemwagika;
kumbe theluji, juu ya mapaa, juu ya daraja,
na mtu mmoja anavuka, kabeba kuni begani.

Usiku wa kumi na tisa umeme ukakatika.
Sikuwasha mshumaa. Nikapapasa.
Vidole vinajua: hiki kina masikio mawili, hiki kina shingo,
hiki kimevimba kwa unyevu wa jiji hili, kinataka kubembelezwa.
Vinne viliingia gizani.
Umeme uliporudi mtaa mzima ukashangilia;
mimi nikakagua. Vitatu sawa.
Cha nne, kama Mzee Mbwambo,
kilikuwa kimekaa kwa watu.

Jana, cha mwisho.
Hakipo.
Nikatikisa foronya, nikaigeuza ndani nje,
nikainua kochi, nikafagia, nikapekua hadi viatu vya kazini,
nikamkumbuka yule wa Karume na haki yake ya Mungu.
Pengo liko usoni mwa mbeba kuni:
kofia ipo, skafu ipo, uso hakuna.
Ndani ya pengo ni meza,
mninga alioupiga randa marehemu Kibwana
Jumamosi tatu, bila futi, kwa jicho tu
(tuligombana sana juu ya futi),
na miguu yote minne ikakaa sawa.
Hudhurungi, na mshipa mmoja mweusi,
kama mkunjo wa paji la mtu anayehesabu.
Nikamtazama mbeba kuni, nikamtazama.
"Pole na baridi," nikamwambia.

Leo nimevunja yote, na bikoni nimezing'oa kwa mikono yangu.
Nimeirudisha foronyani, nampelekea Bi Mwantumu wa nyumba ya pili
aliyeteguka mguu, haendi popote mwezi huu.
Nimebandika karatasi, kwa mwandiko wa hati, wa ofisini:
Vipande 999. Uso usiutafute.
Tandaza juu ya meza nzuri.