Diski Inasema Tupu

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua nyumba yangu.
Wakifika Tandika, kona ya mashine ya kusaga,
hupunguza mwendo wa mkokoteni, huongeza sauti.
Mke wangu Sikudhani huwachungulia dirishani
kama mtu anayesubiri barua ya posa.

Nina mashine saba za diski ndogo.
Mbili zinacheza,
moja inacheza ikiegemezwa kitabu,
nne zimebaki akiba ya viungo.
Ninayo pia moja ya kanda dijitali, kanda ndogo kama kiberiti;
kichwa chake huzunguka mara elfu mbili kwa dakika,
na ukizima feni utakisikia
kikivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Usiniulize faida.
Nimeshaulizwa na wakwe.

Kanda za zamani zilizeeka kama watu:
zilikohoa, zikavuta maneno, zikasahau sauti za juu,
lakini mpaka siku ya kukatika ziliitikia salamu.
Hizi zangu hazina uzee.
Leo zinasema kila pumzi mahali pake,
kesho, kimya. Si sauti mbovu. Kimya.
Ni moja au sifuri, ni ndiyo au siyo;
nimeoa ukoo mzima usiojua labda.

Bi Havijawa alielekezwa na fundi Nyange wa Gerezani.
Alikuja na diski ndani ya kitambaa cha kufutia miwani.
Kioo cha mashine kikasoma, kikaandika: tupu.
"Si tupu," akasema. "Mama yumo."

Mwaka elfu mbili na mbili, Kurasini,
kaka yake Shamte karudi na mashine kutoka Dubai,
wakamketisha mama aseme,
na umeme ukakatika kabla hajabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapopenda.
Diski hii huweka sauti kwanza, faharasa mwisho:
huanzia hapa, huishia pale.
Umeme ukienda katikati, sauti ipo
ila haina anwani,
kama kumtafuta mtu Mbagala
na hukuachiwa hata jina la duka la jirani.

Nikarekodi kimya dakika sabini na nne kwenye diski nyingine.
Mashine ikaikariri faharasa yake ndefu.
Kisha, kwa njiti ya kiberiti,
nikakibana kile kidole kinachopeleleza mlango,
nikatoa diski, nikaingiza ya Bi Havijawa,
na mashine haikujua kuwa imebadilishiwa mgeni.
Ikaandika uongo wangu juu ya diski yake.
Uongo ukawa ramani.

Kiti cha plastiki kikaburutwa. Kuku.
Kisha: "Kimeshaanza? Mbona hakizunguki?"
Hakusema wosia. Alitaja madeni:
Mama Tausi, kanga doti mbili, hajalipa.
Yule wa Keko, doti tatu, anasema mwisho wa mwezi,
mwezi gani hasemi.
Bi Havijawa akacheka mpaka akavua miwani.
"La Keko lililipwa. Nililipokea mimi.
Nikanunua viatu."

Kanga zikaendelea, na majina, na kikohozi kimoja,
halafu: "Na lingine, Havi, usije ukasahau ku"

Basi.
Nilinyoosha mkono nizime, akaukamata.
Tukakaa tunasikiliza sehemu ya diski
ambayo haijawahi kuandikwa kitu,
namba kwenye kioo zikipanda,
ishirini na moja, ishirini na mbili.
Sikudhani alisimama mlangoni na birika.
"Kusahau nini?" akauliza.
Hakuna aliyemjibu.
Akavuta kigoda.

Jioni mkokoteni ukapita.
Akauliza bei ya kilo, kama kawaida yake,
akaambiwa imepanda,
akasema atafikiri.