Upande wa Wateja

Sahani ya wino ni kioo cha dirisha lililovunjika Juni,
upepo wa El Alto ulipoizaba shule yetu makofi.
Rola ni kipande cha bomba nilichokivika mpira wa baiskeli.
Patasi ni njiti za mwavuli; tumezinoa kwenye ngazi ya mlango
hadi ngazi yenyewe imeota mifereji.
Wizara iliandika kwamba vifaa viko njiani.
Njia ya huku ni mpando. Nadhani vimesimama kuvuta pumzi.

Mkono ulioshika kibao ukae nyuma ya patasi.
Nimesema nyuma.
Nyuma, Jhoselin!
Plasta zimebaki tatu, na darasa lina vidole mia tatu na arobaini.

Penseli huongeza, nawaambia, sisi tunapunguza.
Utakapochimba patabaki peupe,
usipopagusa ndipo patakaposema.
Wananitazama kama mtu anayeuza shimo.

Limbert alipata kipande cha raba kilichong'olewa sakafu ya zahanati.
Wiki tatu alikiinamia, ulimi nje,
akichonga herufi nane za kibanda cha mama yake:
BUÑUELOS, maandazi ya huku,
yanayovimba kwenye mafuta na kuliwa kwa asali ya miwa.
Alhamisi niliyofundisha kugeuza maandishi hakuwepo.
Alhamisi ni gulio, na mama ana mikono miwili tu.

Tukapaka wino. Tukalaza karatasi, tukaisugua kwa mgongo wa kijiko,
taratibu, kona hadi kona, kama unayempaka mtoto mafuta.
Akaibandua.
SOLEUÑUB.
Wara akalisoma kwa sauti, lote, bila huruma,
na darasa likampa Limbert jina jipya kabla kengele haijalia.

Raba nyingine haikuwepo.
Nilisema lile neno tunalosema walimu, kwamba kosa nalo hufundisha,
nikalisikia likidondoka sakafuni kama sarafu ya bati.
Yeye aliichukua karatasi mbichi kwa ncha za vidole,
akatoka nayo kinyumenyume, upepo usiipate.

Ijumaa usiku nilipita barabara ya soko, kola juu, baridi ya kukata masikio.
Kwenye kabati la kioo la Doña Casilda, balbu inawaka,
na karatasi imebandikwa kwa ndani, wino ukitazama jikoni.
Mafuta ya wiki nzima yameinywesha hadi imekuwa nyepesi kama ngozi ya kitunguu,
mwanga unapita,
na kutoka barabarani nikasoma
BUÑUELOS,
limenyooka, halina hata haya.

Nikazunguka hadi upande wake wa kaunta.
Huko bado ni SOLEUÑUB.
"Hukusumbui, mama, kulitazama hivi usiku kucha?"
Akageuza andazi kwa kijiti.
"Wateja wako nje, mwalimu."

Nikanunua mawili. Nikala nimesimama, nje, na wateja.
Kiwimbi cha juu ya Ñ kimekatika kidogo mkiani.
Hilo nitamwambia Jumatatu.