Samaki Hapinduliwi

Alikuja Mwaloni kabla ya jua, Mama Weiming,
ndoo mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikichagua.
Sangara hakumtaka. Minofu hakuitaka.
Alimshika sato mzima, akagusa kichwa, akagusa mkia,
akasema kwa Kiswahili chake cha miezi minane:
"Yote. Usikate. Mwaka mpya hakuna kisu."

Nikamwambia, mama, Januari inaisha,
hata ada za shule tumeshazilia.
Akaelekeza juu, upande wa Bugando:
ukucha wa mwezi, mwembamba, unaaga.
"Huyu akifa," akasema, "mwaka unazaliwa.
Wewe njoo. Kula."

Kesho yake jioni nikapanda Isamilo,
hadi nyumba iliyobebwa na jiwe kama mtoto mgongoni.

Jikoni sikuona kikaango.
Tangawizi aliichana nyuzi nyuzi, kama za kushonea,
akamlaza sato kwenye sahani, sahani juu ya maji yachemkayo,
akafunika.
Hakuna nyanya. Hakuna bizari.
Nikasema moyoni: hiki ni chakula cha mgonjwa.
Ndipo akachukua upawa wa mafuta ya moto
akammiminia,
chaaa!
na nyumba nzima ikanukia majani ya vitunguu,
na mimi, muuza samaki wa miaka kumi na tisa,
nikameza mate kama mgeni wa samaki.

Mezani Weiming, mpima barabara, akaizungusha sahani
mpaka jicho la sato likanitazama mimi.
Nikadhani nimepewa mifupa.
Kumbe kichwa humwelekea mgeni,
kama kwetu firigisi inavyomjua mwenye nyumba.

Palikuwa na bakuli moja lisilo na mtu.
Wali, na vijiti vimelazwa, havikuchomekwa.
"Mama yangu," akasema Mama Weiming, basi.
Sikuuliza.
Kule Magu bibi alikuwa akitupa tonge kizingitini,
la masamva,
kabla mkono wa yeyote haujafika chunguni.

Tukala upande wa juu hadi mfupa ukaonekana.
Nikanyoosha mkono kumgeuza,
kama ninavyogeuza, kama kila mtu anavyogeuza.
Akanidaka kifundo. Si kwa nguvu.
"Hapana pindua."

Weiming akaeleza, macho kwenye wali:
kwao ni pwani, babu zake watu wa nyavu;
ukimpindua samaki mezani,
kuna boti umeipindua majini.

Mimi samaki humgeuza, chombo hupinduka.
Maneno mawili. Sikuwahi kuyakutanisha.

Ngusa,
usiku ule ulipoelekea Ukara na injini ya mkopo
nilikukaangia sangara, pande mbili,
zote nyekundu, ulivyopenda.

Siamini. Nayajua mawimbi ya Juni,
naijua boti iliyozidishwa magunia.
Siamini hata kidogo.
Lakini mkono wangu haukurudi kwenye sahani.

Mama Weiming akaushika mkia, akaunyanyua uti wa mgongo
polepole, kama mtu anayemfunua shuka mtoto aliyelala,
na chini yake nyama nyeupe, haijaguswa,
ikitoa moshi.

Hatukummaliza. Lazima abaki mpaka asubuhi,
maana kwa lugha yao samaki na salio
hutamkwa sawasawa: yu.
Asiyelaza samaki halazi akiba.
Nikacheka: kwangu kiporo
hakijawahi kuhitaji sababu.
Akacheka naye, sijui kama alielewa,
akanifungia machungwa mawili, wawili wawili ndiyo heri,
na mbwa wa Isamilo wakanisindikiza kwa kelele.

Jana nimekaanga sato nyumbani, Kirumba.
Upande mmoja ukaiva. Mwiko mkononi,
mafuta yakiniita kwa jina.
"Mama, hugeuzi?"

Nikatia maji kidogo pembeni.
Nikafunika.
Subirini, wanangu. Mvuke utafika.