Kazee ka Soksi Moja

Soksi moja ilikwenda Kolwezi na mguu wake.
Ya pili niliikuta chini ya kitanda nikifagia,
Jumamosi ya mwezi wa saba,
ile baridi ya Katuba
inayomfanya jogoo awike mara moja tu, arudi ndani.

Soksi ya sufu, kijivu, kisigino kimeliwa.
Kuitupa, mkono ulikataa.
Nikaiketisha mezani kando ya cherehani,
nikaitazama, nayo ikanitazama.
Basi, nikasema, utakuwa mtu.

Tumbo nililijaza mchanga wa lupango letu,
ule mwekundu usiotoka kwenye shati jeupe
hata uombe sabuni msamaha;
juu yake mabaki ya sare za shule,
vipande visivyotosha hata mfuko.
Nkulu alitaka tumjaze mahindi, awe na uzito wa maana.
Haya ni bukari ya wiki nzima, nikamwambia.
Huyu atashiba mchanga.

Kofia ni mguu wa ovaroli kuukuu.
Niliukata pembetatu, nikaushona, ncha ikasimama,
ikasimama,
ikaanguka kushoto kama mlevi anayesikiliza siri.
Niliiacha hivyo.
Ndevu ni ndevu kweli, za mahindi:
Mama Monga alizikausha kwa dawa ya figo,
akanigawia konzi moja, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Gundi ilishika vidole vyangu kabla ya kushika kidevu.

"Na macho?"
Kofia imeyafunika.
"Sasa ataonaje baba akirudi?"
Nikauma uzi.
Mwenye uzi mdomoni hadaiwi jibu.

Pua aliichagua Nkulu mwenyewe:
haragwe moja kubwa, lenye madoa.
Tulilivika kitambaa chekundu, tukalifunga shingo,
pua ya mtu aliyetoka kwenye baridi.
Nje mwavokado ulikuwa unamwaga majani;
mtoto akaokota ya kahawia, yale yanayolia yakikanyagwa,
akamtandikia mzee dirishani.

Usiku simu ikalia.
Sauti ilikuja vipande vipande, kama mkate wa jana.
"Ile soksi yangu nyingine hujaiona?
Huku baridi inaanzia miguuni."
Nikageukia dirisha.
"Nimeiona. Imeota ndevu."
Kimya.
Kisha kicheko, cha mbali, chenye kokoto ndani,
ambacho sikuwa nimekisikia tangu Pasaka.

Mwezi wa nane moto wa porini ulituletea majivu,
nikawa namfuta kofia kila asubuhi
kama mtu anayengoja wageni.
Mwezi wa tisa hakuna aliyepiga simu.

Mvua ya kwanza ilipokuja, bati lilivuja
pale pale tunapoliziba kila mwaka:
tone, tone, juu ya mzee.
Siku tatu sikumkumbuka, nilikuwa na nguo za harusi ya watu,
magauni kumi na moja na bibi harusi asiyejua anachotaka.
Siku ya nne Nkulu akapiga kelele
hadi Mama Monga akaja mbio na mwiko mkononi:

pua imechipua!

Kweli. Kitambaa kimepasuka,
shina jeupe limejikunja kama kidole kinachoita,
na jani dogo, lenye mikunjo, kama sikio la mtoto wa jana.
Mama Monga alisema wengine hushona mapambo,
mimi nimeshona shamba,
akacheka mpaka mwiko ukaanguka.
Mimi niliinua kofia kidogo nimtazame usoni,
nikasahau kwamba uso sikumshonea.

Sasa Nkulu anataka tumpige picha, tumtumie baba.
Anataka pia kujua tumpande wapi,
karibu na bomba au nyuma ya choo,
na tukimpanda,
soksi zitaota ngapi.