Lete Mbuzi

Kwenye katuni Bwana Kiroboto alituchekesha bila kuombwa.
Humu ndani ya mchezo anasimama tu,
anapepesa kope, anangoja kidole.

Bofya kabati: "Limefungwa, ndugu."
Bofya ndoo: "Ya nini?"
Bofya mpishi: "Lete mbuzi."

Kidawa akamfunga mbuzi kamba, akamkokota
toka bandani mpaka jikoni, mara nne.
"Siyo huyo!"
Mia tano yetu ikaisha, tukaongeza ya vitumbua.

Umeme ukakatika Mburahati nzima.
Gizani, mwenye duka akipapasa simu,
tukasikia toka uani kwa jirani
kru, kru, kru,
mtu anakuna nazi.

Kidawa akanishika mkono.
Hakusema kitu. Alicheka
kama tulivyocheka zile Jumamosi
kabla ya kupewa kipanya.